Msiba wa Wafalme katika Vyombo vya Habari: Mizani ya Fiqhi na Tarehe

Shukrani zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.T.), Aliyeyakadiria mauti kwa kila nafsi, yakamfika mfalme katika kasri lake kama yanavyomfika mvuvi katika ngalawa yake. Sala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Sahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Ijumaa ya tarehe 9 Aprili 2021, siku chache kabla ya kuingia Ramadhani ya mwaka 1442 Hijria, Kasri la Buckingham lilitangaza kifo cha Mwanamfalme Philip, mume wa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza. Alifia Windsor akiwa na umri wa miaka 99, amebakiza miezi miwili tu kutimiza karne. Tangazo lilitoka mchana, na papo hapo Shirika la Utangazaji la Uingereza, BBC, likakatiza vipindi vyake. BBC One na BBC Two zikaonyesha kitu kimoja. BBC Four ikasimamisha matangazo yake na kuweka maandishi ya kumwelekeza mtazamaji aende chaneli ya kwanza. Redio nazo zikafuata mkondo huo. Fainali ya mashindano ya mapishi, ambayo watu walikuwa wakiingojea kwa wiki kadhaa, ikaondolewa, na tamthilia ya kila wiki ikaondolewa vilevile.

Likatokea ambalo wakubwa wa shirika lile hawakulitarajia. Watazamaji wakapeleka malalamiko 109,741 kwamba habari za msiba ule zimepita kiasi. Idadi hiyo iliwashinda hata wale walioghadhibika mwaka 2005, shirika hilohilo liliporusha mchezo wa muziki ambao Wakristo waliona unamkejeli Nabii Isa (a.s.). Malalamiko ya mwaka ule yalipindukia 50,000, na hayakufika idadi hii. Usiku wa ile Ijumaa watazamaji wa BBC Two walipungua kwa kadiri ya theluthi mbili wakilinganishwa na wiki iliyotangulia. Na katika upande wa pili walikuwapo waliolalamika kwamba baadhi ya watangazaji hawakuvaa nyeusi, na wengine kwamba shirika limerahisisha mno njia ya kulalamika!

Huenda msomaji akauliza: haya ni mambo ya Wazungu na mfalme wao, fiqhi inaingiaje? Jawabu lina pande mbili. Kwanza, vituo vyetu vya redio na televisheni, pamoja na vile vinavyojiita vya Kiislamu, vimejifunza kazi kwa shirika lile na mfano wake. Linalofanywa London katika kifo cha mkubwa ndilo tunaloliona baadaye kwetu akifa kiongozi au sheikh. Pili, misiba hii ilipotangazwa, wapo miongoni mwetu waliolia kama waliofiwa na mzazi, na wapo waliocheka na kulaani. Makundi yote mawili yamesema bila ya kurejea mizani ya sheria. Basi tuiweke mizani hiyo mezani.

Tangazo la kifo na mpaka wake

Maulamaa wameizungumza mas-ala ya kutangaza kifo chini ya jina la na'yu. Imepokewa kwamba Hudhayfa bin al-Yaman (r.a.) alichukia kifo chake kitangazwe, akiogopa lisije likawa lile lililokatazwa na Mtume (s.a.w.). Wakati huohuo, katika Sahihi mbili imethibiti kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) mwenyewe aliwatangazia watu kifo cha Najashi siku ileile aliyokufa, akatoka nao hadi uwanja wa kusalia, akawapanga safu na kumsalia kwa takbira nne. Na imethibiti kutoka kwa Anas (r.a.) kwamba alitangaza kuuawa kwa Zayd, Jaafar na Abdullah bin Rawaha katika Muuta, na macho yake yakitiririka machozi.

Ibn Hajar katika Fathul Bari ananakili kutoka kwa Ibnul Arabi mgawanyo unaozikusanya dalili hizi. Kuwajulisha jamaa, marafiki na watu wema ni sunna. Kuita makundi kwa ajili ya kujifakharisha ni makuruhu. Na kutangaza kwa njia ya maombolezo ya kijahilia na mfano wake ni haramu.

Tazama kisa cha Najashi, kwani naye alikuwa mfalme, tena wa nchi ya ng'ambo. Tangazo lake lilikuwa na kazi: fulani amefariki, tokeni mumsalie, mumuombee maghfira. Likatimia, na watu wakarejea katika shughuli zao. Hizi tanzia tunazozisikia katika redio zetu za pwani, jina la marehemu, jamaa zake, mahali pa maziko na saa ya kutoka jeneza, ziko karibu na sunna hiyo, kwa sababu anayezisikia ana jambo la kwenda kulifanya.

Sasa lipime lile la mwaka 2021 kwa mizani hiyo. Taarifa ya mchana ilikuwa sahihi, fupi na ya heshima. Lakini saa tano na saa kumi baada yake, mtazamaji wa chaneli zote mbili alikuwa akielezwa kwamba amekufa yule aliyekwisha kuelezwa kwamba amekufa. Hapana jipya alilojulishwa, na hapana kazi aliyopewa. Tangazo likaacha kuwa kujulisha, likawa kuonyesha ukubwa. Hili ndilo lile fungu la pili katika mgawanyo wa Ibnul Arabi, na karaha yake inafahamika hata kwa asiyekuwa Muislamu. Wale 109,741 walikuwa wakisema neno hilo kwa lugha yao.

Mliaji wa kukodi

Inajulikana kwamba mipango ya misiba ya ufalme ule hutayarishwa miaka mingi kabla, na kila mmoja hupewa jina la siri. Wa Philip uliitwa Forth Bridge na wa Malkia uliitwa London Bridge. Makala za wasifu hurekodiwa mapema na kuwekwa kabatini. Malkia alipofariki Balmoral tarehe 8 Septemba 2022, akiwa na miaka 96, watangazaji walikwisha vaa nguo nyeusi mchana ule kabla kifo hakijatangazwa jioni.

Kujitayarisha si aibu. Wazee wetu wengi huweka sanda ndani ya kasha, na huusia watakapozikwa. Palipo na tatizo ni kutayarisha huzuni. Waarabu wa zama za ujahilia walikuwa na naaiha, mwanamke anayelipwa aje amlilie maiti asiyekuwa wake, ahesabu sifa zake mpaka waliotulia waangue kilio. Sheria ikalikataza hilo. Katika hadithi ya Ummu Atiyya (r.a.), Mtume (s.a.w.) alipochukua ahadi kwa wanawake alishurutisha wasiombolezee maiti. Na mafaqihi wakasema ujira wa kazi hiyo ni haramu.

Kwa insafu, watangazaji wa London hawakupiga mayowe wala kupasua mifuko ya shati. Walisema kwa utulivu. Lakini maulamaa hawakuifunga mas-ala hii katika sauti peke yake. Imamu Nawawi na wengineo wameitaja nadbu, nayo ni kuyahesabu mema ya maiti katika hali ya kilio, na wakaikataza kwa kuwa inaamsha huzuni iliyokuwa ikitaka kulala. Kipindi cha saa nzima, muziki wa chini kwa chini, picha za ujanani, mashahidi mmoja baada ya mmoja, kisha kurudiwa usiku na kurudiwa asubuhi, kina tofauti gani na nadbu isipokuwa kwamba chombo ni kipya?

Pana sababu ya ndani pia, na mkosoaji mwadilifu hana budi kuitaja. Mama yake Malkia alipofariki tarehe 30 Machi 2002, msomaji wa habari wa BBC alishambuliwa vikali na magazeti kwa kuwa tai yake ilikuwa ya rangi ya damu ya mzee na si nyeusi. Tangu siku hiyo shirika liliishi na khofu ya kuambiwa limepunguza heshima. Mwenye kuogopa lawama ya kupunguza hukimbilia kuzidisha, akidhani kuzidisha ndiko salama. Wala si BBC peke yake. Ni mara ngapi katika mitaa yetu mfiwa amepika pilau la matanga kwa fedha za mkopo, si kwa ajili ya maiti bali kwa kuogopa watu watasema nini? Ugonjwa ni mmoja.

Muda wa msiba na haki za walio hai

Imethibiti katika Sahihi mbili kwamba Ummu Habiba (r.a.), baba yake Abu Sufyan alipofariki, aliitisha manukato siku ya tatu akajipaka. Akaeleza kwamba hakuwa na haja nayo, ila alimsikia Mtume (s.a.w.) akiharamisha kwa mwanamke muumini kukaa ihdadi zaidi ya siku tatu, isipokuwa kwa mume, miezi minne na siku kumi. Maulamaa wakasema mwanamume hana ihdadi kabisa. Na Abu Dawud amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) aliwaacha jamaa za Jaafar siku tatu, kisha akawajia na kuwataka wasimlilie tena baada ya siku hiyo. Ndiyo maana Nawawi katika Minhaj, kitabu tunachokisomesha pwani hii, akaiweka taazia katika siku tatu. Wafafanuzi wakataja sababu: baada yake, kumpa mtu pole ni kumfufulia huzuni iliyokwisha kutulia.

Uingereza iliomboleza siku nane kwa Philip mpaka maziko ya tarehe 17 Aprili 2021, na kwa Malkia ikaomboleza siku kumi mpaka maziko ya Jumatatu tarehe 19 Septemba 2022. Watu wapatao 250,000 walipita mbele ya jeneza katika ukumbi wa Westminster, wengine wakikaa kwenye foleni kwa saa nyingi usiku na mchana. Sheria yetu imehimiza jeneza liharakishwe, na hatuwawajibishi wasiokuwa na sheria hiyo. Aliyekwenda kusimama kwenye foleni ile kwa mapenzi yake, hayo ni baina yake na moyo wake.

Linalohojiwa ni pale msiba wa mmoja unapochukua haki ya asiyehusika. Siku ya maziko ya Malkia baadhi ya hospitali ziliahirisha miadi ya wagonjwa kwa kuwa ilifanywa siku ya mapumziko. Mgonjwa aliyengoja miezi akaambiwa angoje tena. Na katika siku zile za maombolezo walikamatwa watu waliosimama njiani kuupinga ufalme. Katika kaida kubwa za fiqhi imo isemayo kwamba madhara huondolewa. Maiti hafaidiki chochote kwa mgonjwa kucheleweshewa tiba, wala heshima haipatikani kwa polisi. Na katika jambo la BBC liko suala la amana. Kila nyumba inayotazama televisheni kule hulipa ada ya kila mwaka, na mwaka 2021 ilikuwa pauni 159. Aliyelipa ni mshirika, si mgeni aliyekaribishwa. Kumfungia milango yote isipokuwa mmoja ni kuitumia mali yake bila ya idhini yake.

Huzuni ya amri ina historia ndefu. Ibnul Athir na Ibn Kathir wanaeleza katika matukio ya mwaka 352 Hijria (963) jinsi Muizzud Dawla, mtawala wa Kibuwayhi, alivyowaamuru watu wa Baghdad siku ya Ashura wafunge maduka, waache kuuza na kununua, na wadhihirishe maombolezo ya Husayn (r.a.). Kila Muislamu anampenda Husayn, na aliyeuliwa kwa dhulma anastahiki kuhuzunikiwa. Lakini tangu huzuni ilipogeuzwa kuwa amri ya dola, ikawa alama ya kundi, na miaka iliyofuata Baghdad ikashuhudia fitna na damu. Mtawala anaweza kuamuru duka lifungwe, moyo hana amri nao.

Ushahidi wa sifa na ishara za mbinguni

Alipofariki Uthman bin Madh'un (r.a.), Sahaba aliyehama mara mbili, mwanamke wa Kiansari, Ummul Alaa, alisema kwa yakini kwamba Allah amemkirimu. Mtume (s.a.w.) akamuuliza amejuaje, kisha akaeleza kwamba yeye mwenyewe anamtarajia kheri, bila ya kumkatia shauri. Hayo ni kwa Uthman bin Madh'un! Basi aweje mtangazaji atakayesema mbele ya mamilioni kwamba fulani sasa yuko mahali bora, akitutazama? Tumeyasikia hayo kwa wafalme wa Ulaya, na tumeyasikia kwa wakubwa wetu katika redio zetu.

Malkia alipofariki, upinde wa mvua maradufu ulionekana juu ya Kasri la Buckingham. Picha zikazunguka dunia nzima, na wengi wakasema mbingu zimemuaga. Hapa Muislamu anapaswa kukumbuka siku alipofariki Ibrahim, mwana wa Mtume (s.a.w.). Jua lilipatwa siku hiyo, na watu wakasema limepatwa kwa kifo cha Ibrahim. Lau Mtume (s.a.w.) angelinyamaza, neno hilo lingelikuwa utukufu kwa nyumba yake mpaka Siku ya Kiyama. Hakunyamaza. Alikuwa baba aliyefiwa, huzuni ingali mbichi, na bado akasimama kuwaeleza watu kwamba jua na mwezi ni alama mbili miongoni mwa alama za Allah, havipatwi kwa kifo cha mtu wala kwa uhai wake. Sijui dalili iliyo kubwa kuliko hii ya ukweli wa Utume wake, wala somo lililo kubwa kuliko hili kwa mwenye kipaza sauti mkononi wakati watu wamehamaki kwa msiba.

Baina ya kutukana maiti na kuandika tarehe

Tuwageukie sasa waliocheka na kulaani. Bukhari amepokea kutoka kwa Aisha (r.a.) katazo la kuwatukana wafu, kwa kuwa wamekwisha yafikia waliyoyatanguliza. Na katika Sahihi mbili, lilipita jeneza Mtume (s.a.w.) akasimama. Akaambiwa kuwa ni la Myahudi, naye akawauliza kama huyo hakuwa nafsi. Kusimama kule hakukuwa kuikubali dini ya aliyebebwa, kulikuwa kuyatambua mauti na ubinadamu. Mafaqihi wa Kishafii wakaruhusu Muislamu kumpa pole jirani au jamaa asiyekuwa Muislamu, na wakataja matamshi yafaayo. Kusherehekea kifo cha kikongwe wa miaka 96 au 99 si ushujaa, wala si kisasi cha ukoloni.

Hata hivyo, haifai kuigeuza hadithi ya Aisha kuwa kufuli ya midomo ya wanahistoria. Anas (r.a.) amepokea kwamba yalipita majeneza mawili, watu wakalisifu moja na kulitaja jingine kwa ubaya, na Mtume (s.a.w.) hakuwakemea. Na wanazuoni wa hadithi wamejaza vitabu kwa aibu za wapokezi waliokufa, huyu mwongo, huyu msahaulifu, kwa kuwa haki ya dini ilitaka hivyo. Kinachokatazwa ni tusi lisilo na faida. Kusema kweli kwa haja ni amana.

Kwa watu wa Afrika Mashariki haja hiyo ipo. Philip na mkewe walikuwa Kenya Februari 1952 habari za kifo cha Mfalme George wa Sita zilipowafikia. Oktoba ya mwaka huohuo ikatangazwa hali ya hatari katika nchi hiyo, na yaliyotendeka katika kambi za vizuizi hayakubakia kuwa madai ya wazee tu. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilitangaza kuwalipa Wakenya 5,228 pauni milioni 19.9 kwa mateso waliyoyapata. Philip huyohuyo ndiye aliyeuwakilisha ufalme Unguja ilipopewa uhuru chini ya Sayyid Jamshid, tarehe 10 Desemba 1963, na siku mbili baadaye akawa Nairobi kwa uhuru wa Kenya. Alikuwapo katika kurasa za tarehe yetu. Basi kipindi cha siku nzima kinachoipitia Afrika kama matembezi ya ngoma na mashada ya maua kimepungukiwa, si na adabu, bali na elimu. Kinachostahiki ni kuyaeleza yote mawili kwa wakati wake, bila ya kicheko na bila ya kufunika.

Insafu kwa wenyewe

Muslim amepokea kwamba Amr bin al-As (r.a.), zilipotajwa habari za Warumi, aliwahesabia sifa njema: upole wakati wa fitna, wepesi wa kuzindukana baada ya msiba, kurejea haraka baada ya kurudi nyuma, na wema kwa maskini, yatima na mnyonge. Akaongeza ya tano, kwamba wao ni wazuiaji wa dhulma ya wafalme. Huyo ni jemadari aliyepigana nao, na hakuona taabu kuwapa haki yao.

Nasi tuseme kama hivyo. Philip hakutaka makuu katika maziko yake, na mwili wake haukuwekwa ukumbini kupitiwa na umma. Jeneza lilibebwa juu ya gari la Land Rover ambalo yeye mwenyewe alishiriki kulibuni. Na kwa kuwa ilikuwa zama za korona, sheria iliruhusu wahudhuriaji 30 tu, wakawa 30. Malkia, mwenye enzi, alikaa peke yake katika kiti cha kanisa akimzika mume wa miaka 73 ya ndoa. Kanuni iliyomfunga mjane wa kawaida ilimfunga na yeye. Wangapi katika sisi, miezi ileile, tulisongamana mazikoni na kupeana mikono, tukasema ajali haikimbiliki?

Aisha (r.a.) alipinga rai kwamba maiti huadhibiwa kwa kilio cha jamaa zake, akitoa hoja kwa Aya isemayo kwamba hapana nafsi ibebayo mzigo wa nyingine. Na Bukhari akaona hadithi hiyo inamhusu ambaye maombolezo yalikuwa mwendo wake. Akhera ya mtu haimo mikononi mwetu, lakini kwa mantiki ya Bukhari, yaliyozidishwa katika televisheni ni mzigo wa waliozidisha. Aliyekufa alikwisha waambia wasifanye.

Na malalamiko yale 109,741 nayo ni katika ile sifa ya tano. Raia wamekiambia chombo cha taifa lao: umezidisha. Chombo kikazipokea sauti zao, kikajibu kwamba tukio lilikuwa kubwa na halikubadili vipindi bila ya kufikiri. Jibu si la kuridhisha, lakini hesabu ilitangazwa hadharani. Niulize: ni kituo gani kwetu kinachochapisha idadi ya waliokilalamikia?

Na sisi je?

Mfalme Abdullah wa Saudia alifariki usiku wa kuamkia Ijumaa tarehe 23 Januari 2015. Alasiri ya siku ileile alikwisha saliwa na kuzikwa katika makaburi ya al-Oud, Riyadh, kaburi lisilo na jina pamoja na makaburi ya raia. Bendera ya nchi yake haikuteremshwa nusu mlingoti, kwani ina kalima ya Tauhidi. Ajabu ni kwamba bendera zilizoteremshwa zilikuwa za London, kwenye majengo ya serikali na kanisa la Westminster, na Waingereza wenyewe wakalumbana juu ya jambo hilo. Mgeni alimwomboleza mfalme wa Kiislamu kwa namna ambayo wenyewe hawakuifanya.

Sultani Qaboos bin Said wa Oman alifariki tarehe 10 Januari 2020. Kesho yake mrithi wake, Sultani Haitham bin Tariq, akala kiapo, na maziko yakafanyika siku hiyohiyo Muscat. Kasi hii katika kuzika na katika kumsimamisha kiongozi inafuata nyayo za Masahaba. Kazi zikasimamishwa siku tatu. Lakini bendera zikabaki nusu mlingoti siku 40. Arubaini hiyo hatukuipata katika hadithi ya Ummu Habiba. Hapa Zanzibar, Lamu na Mombasa tunaijua vizuri arubaini, tumeikuta na tumeilea, na wengi huiona kuwa ni dini. Atakayewalaumu Waingereza kwa siku nane na kumi, aanze na hesabu ya siku katika nyumba yake.

Na mfano ulio juu ya mifano yote ni siku aliyofariki Mtume (s.a.w.) mwenyewe. Hapana msiba uliowahi kuufikia ule. Umar (r.a.) alikataa hata kusikia kwamba amekufa. Abu Bakr (r.a.) akaingia, akamfunua uso, akambusu, akalia. Kisha akatoka kwa watu na kusema maneno machache: aliyekuwa akimwabudu Muhammad ajue kwamba Muhammad amekufa, na anayemwabudu Allah ajue kwamba Allah yu hai, hafi. Akasoma Aya, na nyoyo zikatulia. Khutba ile haikuchukua hata muda wa taarifa moja ya habari, nayo imeutuliza umma mpaka leo.

Nasaha kwa wenye vipaza sauti

Kutokana na yaliyotangulia, tunawanasihi ndugu zetu wanaoendesha redio na televisheni, akifa mtawala, sheikh au mtu mashuhuri:

Kwanza, tangazo liwe fupi na la kweli, lenye saa na mahali pa maziko, na ombi la dua kwa Muislamu.

Pili, wasifu wake usomwe mara moja kwa ukamilifu, usirudiwe kutwa kucha mpaka ukawa nadbu.

Tatu, asishuhudiliwe mtu Pepo wala Moto, na wala mvua, upinde au kupatwa kwa jua kusifanywe barua kutoka mbinguni.

Nne, darsa za watoto, matangazo ya afya na habari za bei na hali ya bahari zisikatizwe. Mvuvi anayeingojea habari ya upepo ana haki yake, na huenda ikawa ni uhai wake.

Tano, zikipita siku tatu, msiba uachiwe wenyewe. Mwanahistoria ndiye atakayeshika kalamu, aandike mema na mabaya kwa ushahidi.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (S.W.T.) atupe ulimi mkweli wakati wa msiba na moyo wenye subira, awarehemu Waislamu waliotutangulia, na aturuzuku mwisho mwema. Na Allah ndiye Mjuzi zaidi. Wabillahi tawfiq.